Msukule wa kwa balozi

Leo nusura nimpigie nesi wa watu kelele za mchawi.

Asubuhi gari la matangazo limepita mtaani kwetu Mbagala: "Njooni kwa balozi wa nyumba kumi mjifunze kufufua mtu, bure!"

Kufufua? Tena bure? Mbagala hii hii?

Nikaenda na jirani yangu Mama Zuhura. Tukasimama mlangoni, ndala mkononi, tayari kukimbia.

Kwenye mkeka kalala mtu. Mdomo wazi, miguu hana.

Mama Zuhura akaninong'oneza, "Msukule huo. Tuondoke."

Nesi akasikia, akacheka. "Mwanasesere huyu, mama zangu, wa kujifunzia. Moyo wa mtu ukisimama, mmoja anaita msaada, mwingine anamkandamiza katikati ya kifua, kwa nguvu na haraka."

Sikumwamini. Nikamgusa yule mtu kwa kidole.

Mpira mtupu!

Basi nikapiga magoti, nikakandamiza. Nikakandamiza weee, mpaka nesi akanishika bega. "Dada, inatosha. Waachie na wenzio."

Sikuacha.

Nyie wenzangu, kuna aliyewahi kufundishwa hili? Maana mwaka jana baba yangu alipoanguka barazani, sie tulimpepea kwa kanga.