Halo za Shemeji Yangu

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni mzaliwa wa Ilagala. Nasema hivyo mapema kwa sababu yeye mwenyewe hasemi. Alikulia pale karibu na mto Malagarasi unapoingia ziwani, akianika dagaa mchangani kama watoto wengine wote, kisha akasoma, akaenda Dodoma, akarudi Kigoma na cheo cha ofisini, kitambi kidogo, na neno moja tu la kusalimia watu: halo.

Sisi Waha salamu kwetu ni kazi. Mgeni akiingia uani kwetu Buzebazeba anapiga makofi taratibu, anasema mwakeye, anauliza watoto wameamkaje, mji umeamkaje, na mwenyeji anajibu yote bila haraka. Mama yangu alilelewa hivyo na ametulea hivyo. Shemeji alikuwa anashuka kwenye gari, anasimama mlangoni funguo zikining'inia kidoleni, anasema, "Halo, mama."

"Marahaba, baba," mama anajibu.

Ilikuwa hivyo kila alipokuja. Mwanzoni nilidhani mama hasikii vizuri. Siku moja nikamuuliza.

"Nasikia sana," akasema. "Namjibu kile alichotakiwa kusema."

Shemeji hakugundua kitu. Mtu wa namna ile hagundui, kwa sababu hasikilizi majibu. Halo yake ilifanya kazi zote. Ilimwita dada kutoka jikoni. Ilimkatiza mtu aliyekuwa anazungumza. Na zaidi ya yote, ilimtoa kwenye shughuli. Paa la mama likivuja na watu wakianza kuulizana nani atapanda, yeye alichomoa simu ambayo hatukuisikia ikiita, akaiweka sikioni. "Halo! Ndiyo! Nipo kikaoni!" Kikao chenyewe kilikuwa yeye na kuku wawili chini ya mgomba wetu.

Ndipo mjomba, kaka yake mama, akafariki Kagunga. Huko tunakwenda kwa maji, kwa hiyo asubuhi tulipanda boti la mbao pale Kibirizi: mama, dada, mimi na shemeji, pamoja na abiria wengine na mizigo yao. Shemeji alikuja na viatu vyeusi vya kung'aa. Alipouona ubao wa kukalia alitandika leso kwanza.

Tulipopita Mwamgongo upepo ukabadilika. Mawimbi yakaanza kurukia ndani, maji yakajaa miguuni. Nahodha akapaza sauti kwamba wanaume wachote. Mwenye dumu lililokatwa alichota kwa dumu, mwenye sufuria ya msibani alichota kwa sufuria. Mtu mmoja akamsogezea shemeji ndoo. Shemeji akaitazama ile ndoo, akatia mkono mfukoni.

"Halo! Halo, mkuu! Ndiyo, nakusikia vizuri sana!"

Mbele yake alikaa mama mmoja muuza mawese aliyekuwa anarudi Kagunga na madumu matupu. Alikuwa anachota tangu mwanzo, khanga amejifunga kiunoni. Akasimamisha mkono, akamtazama.

"Baba, unaongea na nani? Hapa hakuna mtandao. Tutaupata mbele huko."

Shemeji akamgeuzia mgongo. "Halo, mkuu, endelea..."

"Haloooo!" yule mama akapaza.

Kila mwanamke wa Kitanzania anaijua halo hiyo. Ni ile ya taarabu na ya ugomvi wa uani, inayovutwa mpaka mwisho wa pumzi. Halo hiyo haimsalimii mtu, inamvua nguo. Mwanamke wa nyuma akaipokea, "Haloooo!" na wa karibu na injini naye akaipokea, mpaka boti zima likawa linacheka huku maji yanatufika kwenye vifundo. Mama yangu, mfiwa, alijifunika uso kwa khanga na mabega yake yakatikisika. Nikadhani analia. Nilipomfunulia kidogo nikaona anacheka.

Shemeji akarudisha simu mfukoni. Ndoo hakuichukua. Niliichukua mimi.

Mazishini hakujifunza lolote. Wanaume walichimba kaburi, yeye alisimama kivulini akitafuta mtandao kwa kunyoosha mkono hewani. Ulipofika wakati wa mkwe kusema mawili matatu kwa niaba yetu, akakamata maiki, jeneza likiwa mbele yake. "Halo. Halo. Moja, mbili. Halo." Akaipiga kwa kidole. Kisha akaeleza namna alivyoahirisha safari muhimu ili aje, na safari hiyo ilikuwa ya wapi, na alialikwa na nani. Jina la mjomba alilikosea. Dada alikuwa ananitazama kuona kama nimesikia. Nilitazama chini.

Jioni, watu wakipunguka, mimi na mama tulikuwa mafigani nyuma ya nyumba tukipika ugali wa matanga. Simu ya shemeji ikaita, safari hii kweli, kwa mlio. Akaja mbio upande wetu kukwepa kelele, asituone kwa sababu ya moshi.

"Halo?" akasema. Mara sauti ikamshuka. "Shikamoo. Shikamoo, mkuu."

Magoti yalimkunjika kidogo. Mtu mzima, peke yake nyuma ya nyumba, anainamia simu! Mkono wa pili aliuweka kifuani. "Nisamehe mkuu, nilitoka bila kuaga. Ndiyo mkuu. Shikamoo mkuu."

Kumbe mkuu alikuwepo, na hiyo safari muhimu haikuwepo. Mama aliendelea kusonga ugali. Alipoondoka yule bwana, mama akasema polepole, "Mimi nilidhani hakufundishwa."

Asubuhi alikuja pale pale mafigani. "Halo, mama."

Mama alipuliza moto. Hakukasirika, wala hakumkazia macho. Alipuliza tu, akasogeza kuni, akapuliza tena. Shemeji alisubiri, akakohoa, akajaribu kutabasamu, kisha akaenda zake. Tangu siku hiyo marahaba yake hajaipata.

Dada alinivuta hadi ufukweni. Alijua kila kitu, mke anajua.

"Usimcheke sana," akasema. "Alipokuwa mdogo aliwekwa kwa tajiri mmoja Ujiji ili asome. Kila asubuhi anapiga magoti na birika la maji, anawasalimia mmoja mmoja mpaka watoto wa rika lake. Aliapa akikua hatamwamkia mtu."

"Mbona jana ameamkia?"

Dada akakung'uta mchanga kwenye khanga yake.

"Angemkasirikia huyo tajiri," nikasema. "Mama hajampigisha mtu magoti. Anayempigisha magoti mpaka leo anamwita mkuu, na mama yangu ndiye anayetupiwa halo."

"Wewe unamdharau kwa sababu unarudi kwako. Mimi nakaa naye."

Nilimsikitikia dada, lakini huruma yangu ilikoma kwake. Mtu aliyeonja uchungu wa kudharauliwa, akaubeba miaka yote hiyo ili ammwagie mwanamke mzee asiyemkosea, simwoni kuwa na kisingizio.

Baadaye alihamishiwa mkoa mwingine. Siku ya kuondoka mama aliwapa dumu la mawese, maana binti haondoki mikono mitupu. Shemeji alilifunga kwa mifuko miwili ya nailoni, mmoja juu ya mwingine, ili lisichafue gari.

Sasa dada akija likizo anakuja na watoto tu. Tunanunua samaki wa ziwani, migebuka mibichi, tunaipika kwa mawese, tunakaa chini tunakula. Hakuna anayeuliza baba yao yuko wapi.