Kanda Tatu za Dada Skola

Sisi tuliokulia Mazwi enzi za redio kaseti tunajua kwamba muziki ulikuwa na kazi yake. Betri zikichoka tulizipanga juu ya mawe zipate joto la jua, na baba akipita alisema, "Anikeni vizuri, labda zitaota." Leo kijana ana nyimbo elfu mfukoni, na hakuna hata mmoja anaousikiliza mpaka mwisho.

Mwaka ninaoukumbuka zaidi ni ule ulezi ulipokubali sana. Dada yangu Skola alirudi kutoka sokoni na kanda tatu za bendi ndogo za magitaa, zile zilizojirekodi zenyewe bila kampuni. Ya kwanza ilitoka ng'ambo ya mpaka, Zambia. Maneno yake tuliyaelewa nusu, tukayaimba yote. Ya pili ilikuwa ya vijana wa Mwazye, wamerekodi darasani. Jogoo anawika katikati ya wimbo wa mapenzi, na mpiga gitaa anasikika akicheka. Ya tatu haikuwa na jina wala picha, na ndiyo tuliyoipenda kupita zote. Tulipura ulezi kwa mdundo wake, makapi yakituwasha shingoni, mpaka mama akatoka na togwa na kuuliza, "Mnapura au mnacheza?"

"Vyote, mama," Skola akamjibu bila kusimama. "Ulezi haujalalamika."

Skola amefariki masika haya. Siku zote za matanga redio haikuwashwa. Vitu vyake vilipogawanywa, niliomba kanda zile tu, nikaazima redio kaseti kwa jirani. Ya kwanza ilikoroma. Ya pili ilikatika. Ya tatu ilijisokota yote ndani ya mashine. Nikakaa na ule utepe mapajani. Makaburini sikulia, lakini pale nililia, maana nyimbo zile sijawahi kuzisikia kwenye simu ya mtu yeyote, na mimi kichwani nimebaki na vipande tu. Niliona kama namzika tena.

Leokadia, binti yake, alikuwa anasonga ugali.

"Mama mdogo, unatafuta wimbo gani?"

Nikamwimbia kile kipande nilichokumbuka.

"Huo? Si ungesema. Mama alikuwa anatuogesha akiuimba huo, maji ya baridi, sisi tunapiga kelele."

Akauimba, mwiko mkononi. Ubeti wa kwanza wote. Katikati ya ubeti wa pili akaruka ghafla, kutoka "ukirudi nyumbani" hadi "mbuzi wanne", bila hata kupumua.

"Mbona umeruka?"

"Sijaruka. Ndivyo ulivyo."

Nilicheka mpaka akageuka kuniangalia kama niko salama. Pale ndipo panya alipotafuna utepe wa kanda ya tatu enzi zile, na Skola akauunga kwa rangi ya kucha. Maneno ya katikati yakapotea, nasi nyumbani tukazoea kuimba na lile pengo. Mtoto wake amelirithi, anadhani ndio wimbo.

Vijana wa sasa muziki wao umenyooka, na ukifutika wanaupata tena kabla chai haijapoa. Siwalaumu. Sisi wimbo ukipotea ulikuwa umepotea, tukabaki na kile tu alichokishika mtu. Nimeshukuru kwamba Skola aliwaogesha watoto wake mwenyewe.

Ugali tuliukuta umepoa. Niliula wangu wote, mara ya kwanza tangu msiba.