Soseji za Mzee Zakaria

Harufu ya kitunguu kikikaangwa kwa mafuta ya mbuzi ilikuwa inatupokea tangu kwenye mikaratusi, kabla hatujaona bati la kwanza la mji wa Biharamulo. Ilikuwa kiangazi, maharage yameshapigwa, na ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni kama maziwa yaliyomwagika. Baba alisukuma baiskeli yenye gunia, na juu ya gunia alikaa mdogo wetu Festo, akisinzia. Adela, anayenifuata mimi, alishika kanga ya mama. Tulitoka Kaniha gizani, na mpaka leo sikumbuki miguu yangu ikichoka katika safari ile. Nakumbuka tu kwamba njia ilikuwa laini, ndege hawajaanza kelele, na ile harufu ilikuwa inatuvuta taratibu, kama mtu anayekuita kwa sauti ya chini.

Mzee Zakaria aliwahi kuwapikia mapadre misheni, na huko ndiko alikojifunza kujaza nyama ya kusaga katika utumbo wa mbuzi uliooshwa ukaoshwa tena, pamoja na kitunguu saumu na pilipili manga. Alipoacha kazi alifungua hoteli nyuma ya stendi, chumba kimoja chenye kuta ambazo mimi nazikumbuka za bluu na Adela anaapa zilikuwa za kijani. Soseji zake zilichemshwa, kisha zikaokwa juu ya mkaa zikiwa bado zimeungana. Hakuzikata jikoni. Alizileta mezani nzima, zimejikunja juu ya ubao, na pembeni skonzi za moto zilizopasuliwa katikati, zinasubiri. Kisha alichukua kisu na kukiweka mbele ya mwenye nyumba, yaani mkuu wa familia iliyokaa mezani. Huyo ndiye aliyekata na kugawa, na hakuna mwingine aliyekigusa. Baba alikata polepole sana. Tulifuata ncha ya kisu kwa macho, mvuke ukimfunika uso.

"Ya Adela ndefu," Festo alilalamika kila safari.

"Basi kula mdomo wako," baba alimjibu. "Huo ndio mrefu kuliko zote."

Mama alifariki mwanzoni mwa mvua, na baba hakuziona zikiisha. Baada ya matanga ndugu walikaa kikao. Festo angechukuliwa na baba mdogo, akaishi naye Murukulazo, upande wa Ngara. Adela angepelekwa kwa shangazi, hukohuko Ngara, kijiji cha Murusagamba, karibu kabisa na mpaka wa Burundi. Mimi ningebaki kwa jirani nimalize shule. Hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alichukua mzigo alioweza kuubeba. Lakini hakuna aliyeniuliza, na mimi, mtoto wa darasa la sita, sikujua mtu anaanzaje kusema mbele ya wakubwa. Nilijua tu kwamba nikiwaachia mikono siku ya kuchukuliwa, Festo atakua bila kunijua vizuri.

Baba mdogo alipokuja kuwachukua, niliwasindikiza hadi mjini. Gari la Ngara lilikuwa halijafika, akasema twende tukale kwanza. Tulimwamkia Mzee Zakaria, akatupa pole, akaleta ubao. Akasimama na kisu mkononi, akitutazama mmoja mmoja.

"Mwenye nyumba nani?"

Baba mdogo alikuwa ameshakunja mkono wa shati. Festo, mdomo umejaa skonzi, akasema, "Dada. Ndiye anatupikia."

"Na anatuchapa," Adela akaongeza.

Mzee akakiweka kisu mbele yangu.

"Mzee, mimi nipo hapa," baba mdogo alisema.

"Wewe mgeni wao, bwana. Mgeni hukatiwa."

Akarudi kwenye moto wake. Nilishika kisu, na mvuke ukanipanda usoni kama ulivyokuwa ukimpanda baba. Nilimkatia baba mdogo kwanza, kisha Festo, kisha Adela, kisha mimi. Na kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye ubao, maneno yakatoka. "Baba mdogo, waache wabaki nyumbani. Shamba naliweza. Shule nitaacha."

Baba mdogo alimeza kipande chake. "Mkiugua usiku?"

"Tutamgongea jirani."

Alitazama vipande vilivyokuwa mikononi mwa wenzangu. "Unagawa kama marehemu kaka," alisema, akageuza uso upande wa stendi. Gari lilipopiga honi alisimama. "Nitakuja maharage yakitoka. Nikikuta hata mmoja amekonda, nawachukua wote." Alikuja kweli. Akatubinya mikono kama mtu anayenunua mbuzi, akala, akalala, na asubuhi akaenda zake Murukulazo peke yake.

Hoteli ipo mpaka leo. Mzee ametangulia, anayepika ni binti yake. Kuna friji, kuna runinga ukutani, kuta ni nyeupe, na soseji hukatwa jikoni, zinakuja ndani ya skonzi zimeshamwagiwa tomato. Watu wana haraka, simlaumu. Ladha ni ileile. Nikipita mjini huingia, nikafumba macho kidogo, na kwa muda ambao siwezi kuupima wote wapo mezani.

Shule sikurudi. Wapo niliosoma nao ambao sasa ni walimu, na nikikutana nao njiani kuna kitu hunichoma, sitakikana. Na mwishowe sisi pia tumetawanyika. Festo anatengeneza pikipiki Mwanza. Adela ameolewa Murusagamba, kulekule alikokuwa apelekwe, na baba mdogo hucheka kila anapolikumbuka hilo. Lakini aliyewafungia mizigo ni mimi, siku waliyoichagua wenyewe, na walitokea mlango wa kwao. Krismasi wakija Kaniha, hawapigi hodi.