Amina Niliyoitoa Kabla ya Wakati

Kwanza nilisikia punje za mahindi zikidondoka ndani ya karai, chache, halafu nyingi kwa pamoja, kama mvua inayojaribu bati kabla ya kuamua kunyesha, na sikuona kitu kwa sababu madirisha ya ghala lile la Kitale yalikuwa yamezibwa kwa magunia. Laiti ningebaki hivyo, masikio wazi na mdomo umefungwa. Nina aibu nyingi maishani (nimewahi kumwita mwalimu mkuu "mama" mbele ya shule nzima), lakini hii ya ghala ndiyo hunifanya nivuke barabara nikiona mtu wa maigizo.

Mjue kwamba wakati huo nilijiita mhakiki. Palikuwa na tamasha la michezo midogo ya kuigiza, ile ya majaribio, inayochezwa dukani, jikoni, popote penye viti vichache, mingine Kitale na mingine Bungoma, nami nikizunguka kote nikiandika mtandaoni nani amefaulu na nani arudi shambani. Mchezo wa siku hiyo ulikuwa wa Nanjala, rafiki yangu tangu tukiwa shule huko Bumula, ambaye mchana huuza nafaka na usiku huandika. Alikuwepo pia mama mmoja kutoka Nairobi, aliyekuja kuchagua mchezo mmoja tu aupeleke kwenye ukumbi wa maana. Angetazama wa Nanjala mara hiyo moja, kisha aelekee Bungoma kutazama mwingine. Nanjala alikuwa ameingoja nafasi hiyo tangu nimjue.

Mlangoni kaka yake akaniambia, "Niaje Wafula, ngoja nikueleze kidogo vile inaenda."

"Usiniharibie, bana. Mhakiki huingia bila kuelezwa."

(Huo ndio uamuzi wenyewe. Mdogo hivyo.)

Nikaketi mbele kabisa, kando ya yule mgeni wa Nairobi. Punje zikanyamaza, na sauti ya Nanjala ikatoka gizani: "Tufunge macho, tuombe." Sasa niambieni, nani kwetu huambiwa afunge macho akakataa? Baba yangu ni mzee wa kanisa. Shingo yangu huinama yenyewe. Nanjala akashukuru kwa mvua, kwa mbolea iliyofika mapema, kwa wageni, sala ya kawaida kabisa ya mama wa nyumbani kabla ya chakula, halafu polepole, bila kupandisha sauti, akaanza kumweleza Mungu habari za mume: kikombe alichomrushia, jino alilomng'oa, jinsi watoto walivyojifunza kucheka kimya. Tayari nilikuwa natunga sentensi nzuri kichwani.

"Na jana, Bwana," akasema, "nilipochukua kile kisu..."

Akanyamaza. Akanyamaza sana.

Kwetu mtu akilemewa katika maombi haachwi peke yake pale. Mwenye huruma humsaidia, humfungia sala. Nami, kwa huruma yangu yote na kwa sauti ya baba yangu, nikasema, "AMINA!"

"Amina!" ghala zima likaitikia. Mzee mmoja nyuma akaanzisha pambio, akina mama wakalipokea kwa makofi, mtu akafungua mlango mwanga ukamwagika ndani, na watu wakawa wanashikana mikono, "Bwana asifiwe, mama, si ilikuwa nzuri?" Nanjala alikuwa amepiga magoti katikati, gunzi mkononi, mdomo wazi, neno lililofuata likiwa bado limo ndani.

Hapo bado ningeweza kuokoa. Ningesema, jamani, ketini, nimeharibu. Badala yake nikasimama nikapiga makofi kuliko wote (aibu hunipa bidii ya ajabu), mpaka mgeni akanigeukia.

"Mimi nimeona ni mfupi. Umeisha kabla haujaanza. Wewe si ndiye mhakiki hapa? Unaonaje?"

Nanjala alikuwa karibu, anasikia kila kitu, ananitazama. Lakini macho ya watu wote yalikuwa kwangu, na nikajisikia nikisema, "Ni mwisho wa kijasiri, madam. Anaiachia hadhira imalizie."

"Haukuwa umeisha, madam," Nanjala akasema.

"Dada, kila msanii huniambia hivyo." Mgeni alishachukua mkoba wake. "Ujasiri sawa, lakini siwezi kupeleka Nairobi sala ya dakika kumi." Akaenda kwenye gari, ati apite Webuye kabla mvua haijamkuta.

Watu wakatoka mmoja mmoja wakiimba. Tukabaki wawili.

"Nilidhani umelemewa," nikasema.

"Hiyo Amina nimekusamehe, Wafula. Hata mama yangu angeisema." Alikuwa anabandua magunia dirishani, hanitazami. "Ni hiyo 'kijasiri.' Hiyo hukuidhania. Hiyo uliichagua."

Niliapa sitamhukumu tena msanii yeyote kwa kalamu, na kiapo hicho nimekishika. Siku hizi natunga riwaya, ambako nikiharibu, naharibu kwangu. Lakini siku ile, mjinga mimi, nilikuwa bado na hamu ya mtazamaji, nikamwuliza Nanjala yule mama wa kwenye mchezo alifanya nini na kile kisu.

Nanjala akavaa viatu vyake, akafunga leso kichwani taratibu.

"Si ungengoja," akasema, akatoka, na mlango wa bati ukafungwa nyuma yake.