Mkebe wa Mama Mkwe

Mto ulipofurika na kumeza shamba letu la Ngao, tulihamia Garsen tukapanga chumba kimoja nyuma ya maduka: mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka sita na mama mkwe. Mwezi haujaisha, mwalimu wa binti yetu akaniita.

"Mama, huyu mnampa nini asubuhi?" aliniuliza. "Hatulii. Anapanda madawati. Hebu punguzeni sukari."

Nilimwamini papo hapo, kwani kila mtu alisema hivyo, kwamba sukari huwafanya watoto wasitulie. Nikaanza kumpa chai na uji bila sukari. Mabuyu ya rangi nikayapiga marufuku. Sukari yenyewe niliifungia sandukuni, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la leso.

Wiki mbili zikapita na mtoto akazidi kurukaruka. Nikaamua kwamba kuna mtu ananizunguka. Angekuwa nani, kama si mama mkwe? Yeye ndiye aliyeshinda na mtoto baada ya shule, mimi nikiwa hotelini nakaanga samaki. Tena alipenda chai tamu, na tangu niifungie sukari alikuwa akinung'unika.

Nikaanza upelelezi. Nikirudi nilinusa mdomo wa mwanangu na kukagua viganja vyake kama vinanata. Nikimkuta ametulia, nilijiambia leo hakupewa. Nikimkuta juu ya meza, nilijiambia leo amepewa.

Siku moja samaki waliisha mapema, nikarudi alasiri bila kutarajiwa. Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona mama mkwe amenipa mgongo. Alichomoa mkebe mdogo chini ya mto wa kulalia, akachota kitu cheupe kwa vidole, akakinyunyiza kwenye sahani, kisha akalamba vidole. Kando yake binti yangu alikuwa akiruka kitandani.

"Mama," nilisema, "nilikuomba jambo moja tu."

Alishtuka, akauficha mkebe ndani ya leso. "Jambo gani, mwanangu?"

"Unampa mtoto sukari kwa siri. Tazama anavyoruka!"

Alininyooshea mkebe. "Onja."

Nilichovya kidole. Ilikuwa chumvi.

Daktari alimkataza chumvi kwa ajili ya presha, nami nilikuwa nikimpikia mboga bila chumvi tangu tuhame. "Hazinipiti kooni," alisema, macho chini. "Usimwambie mume wako." Kisha akainua uso. "Na huyu mtoto, kule Ngao alikunywa chai tamu kila siku. Nani alilalamika? Alifukuza ndege kwenye mpunga mpaka akachoka. Hapa tunamfungia ndani asigongwe na malori."

Nilimwomba radhi, lakini moyoni sikumwamini. Shaka ilikuwa imeshakuwa mazoea. Nilitoa sukari sandukuni niyajaribu maneno yake, ili nimpate na kosa. Jumamosi nilimpa mtoto chai tamu vikombe viwili, nikampeleka pamoja na bibi yake kwenye uwanja wa shule. Alikimbia mpaka viatu vikamvuka, akarudi na kulala hata kabla chakula hakijaiva. Jumapili mvua ilinyesha tukabaki ndani. Sikumpa sukari hata chembe, na kutwa nzima alipanda kila kilichopandika.

Nilipomweleza mwalimu, alitikisa kichwa. "Labda ni soda." Hata hivyo alikubali kumpa kazi ya kufuta ubao na kugawa madaftari, na malalamiko yakapungua.

Mama mkwe nilimsindikiza kliniki. Presha ilikuwa imepanda sana. Mume wangu ilibidi aambiwe, naye mama alininunia siku tatu. Nikaanza kumkamulia ndimu kwenye mboga badala ya chumvi, akala huku akilalamika.

Maji yalipopungua, alirudi Ngao kupanda. Siku aliyoondoka, binti yangu alikaa mlangoni mpaka jioni bila kusema wala kuinuka. Nilimbembeleza atoke akacheze, akakataa.