Gome la Umwumba

Juzi, kwenye harusi moja huko Nyarutarama, niliwekewa kipande cha keki chenye harufu ya lozi, nikasahau kutafuna. Aliyekaa kando yangu alidhani nimepaliwa, akanipiga mgongoni. Kumbe nilikuwa nimerudi Nyamirambo, mwaka 1991, binti wa miaka tisa mwenye beseni la magome mabichi kichwani.

Nyuma ya nyumba ya Bibi, pale mji ulipoishia na Mlima Kigali ukaanza, ulisimama mti mmoja wa umwumba. Mlima wote ulikuwa umeshavikwa mikaratusi. Miti ya asili ilikwisha kwa kuni na mkaa, na umwumba ulichunwa mpaka ukaadimika, maana gome lake, lenye harufu ya lozi, ni dawa ya wazee wanaoshindwa kukojoa. Bibi alitoa kipande cha upana wa kiganja, upande mmoja tu, akapaka kidonda samadi, kisha akangoja miaka. "Mti nao una ngozi," alizoea kusema.

Siku moja Bibi alikwenda msibani. Jirani yetu, Mama Hadija, akaja mbio, kanga ikimwanguka.

"Bibi yuko wapi? Mzee hajakojoa tangu jana. Analia kama mtoto!"

Mzee huyo, Baba Hadija, ndiye aliyenipa sambusa ya bure kila Ijumaa. Sikungoja. Nilishika panga nikauchuna mti, nikiuzunguka pande zote mpaka beseni likajaa. Nilijiona daktari.

Dawa ilimpa nafuu kidogo. Kesho yake alipelekwa hospitali, akapona. Bibi aliporudi aliupapasa mti, akaketi chini.

"Umeuvua nguo zote, mjukuu wangu. Huu umekwisha."

Nilisubiri fimbo. Haikuja. Mama Hadija alipokuja kuomba radhi, Bibi alimjibu, "Kosa ni langu. Nilimkataza kuugusa, sikumwonyesha namna."

Majani yalipukutika polepole. Lakini msimu uliofuata, kabla ya kufa, mti ule ulizaa kupita miaka yote. Mbegu zake hazikubali kuwekwa, zikikauka, zimekufa. Basi kila nilipotoka shule tuliokota matunda, tukayamenya na kupanda mbegu papo hapo kwenye makopo ya maziwa ya unga. Miche ilipofika magotini, Bibi alinituma niigawe nyumba kwa nyumba, na kila mlango nieleze mwenyewe kwa nini naileta. Aibu iliyoje! Baba Hadija alinisikiliza hadi mwisho, akachukua jembe. "Twende, tuupande pamoja," akasema.

Mwaka 1994 ulitutawanya, na Bibi hakurudi. Miti mitatu ingali imesimama mtaani.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba zile safari za mlango kwa mlango zilikuwa adhabu yangu. Nilipozaa ndipo nikaelewa. Bibi alijua nilichuna kwa huruma, akaogopa kwamba akinichapa, siku nyingine jirani akija analia, nitafunga mlango; ndiyo maana alinituma kwenye milango yao na miche mkononi.