Wimbo wa Bwana Kuwabara

Shigeharu Kuwabara alikuwa na kigugumizi, na watu wa kiwanda chetu cha koki za maji hapa Ogaki, Japani, hawakuwa na subira. Aliajiriwa kuuza. Mwaka wa kwanza alipokea simu ya mteja, akakwama kwenye jina la kampuni yetu wenyewe, mteja akakata. Wakampeleka stoo. Huko alikaa miaka thelathini na moja akipanga maboksi, na mimi huku juu ofisini nikimtumia karatasi za oda.

Lakini akiimba, hakwami. Alikuwa na wimbo mmoja tu, wa katuni ya roboti mwekundu iliyoonyeshwa alipokuwa na miaka minane. Aliniambia kwamba siku alipouimba mara ya kwanza mbele ya televisheni, mama yake aliacha kumenya viazi akaja kumtazama, maana hakuwahi kumsikia mwanawe akimaliza sentensi. Kila sherehe ya ofisi, tukishakula na kuhamia chumba cha karaoke, yule mnyamavu alivua koti, akajifunga tai kichwani, akaunguruma beti tatu bila kujikwaa. Sisi tuliitikia: "Ruka!" "Piga!" Wanaume wazima wenye vipara na vitambi walilengwalengwa na machozi. Dakika nne kila sherehe, sherehe tatu au nne kwa mwaka. Hakuwa na muda mwingine wa kusikika mbele ya watu.

Mimi ndiye niliyemnyang'anya.

Anzai, mkuu mpya wa idara, alitoka Osaka, rika moja na Kuwabara. Siku ya kumkaribisha alitakiwa afungue yeye, akawa hajui aimbe nini. Rimoti ya mashine ilikuwa mikononi mwangu. Nikaukisia umri wake, nikawaza alitazama nini utotoni, nikabonyeza wimbo wa roboti. "Mkuu, huu lazima unaujua," nikasema kwa sauti tamu. Ningependa kusema nilisahau. Sikusahau. Nilijipendekeza, basi.

Anzai aliuimba mpaka jasho likamtoka. "Huu sasa ndio wangu," akasema akicheka, na mambo yakaishia hapo. Wimbo wa mkubwa hauguswi na mtu wa chini yake. Haijaandikwa popote na hakuna anayethubutu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Anzai hakuwa mtu mbaya. Hakujua, na hakuna aliyemwambia. Kumwambia kungemwaibisha yeye, na mimi pia, kwa hiyo nilifunga mdomo. Miaka saba Kuwabara alikaa pembeni na tari akiitikia "Ruka!" na "Piga!" Mara moja tu alijaribu wimbo mwingine, akausoma kama tangazo la kukatika kwa maji.

Machi hii stoo ilifungwa, kazi ikahamishiwa kwenye mashine za ghala la Nagoya, naye akaambiwa astaafu kabla ya wakati. Niliapa kwamba siku ya kumuaga ataimba. Nikaenda kwenye meza ya Anzai.

"Mkuu, ule wimbo wa roboti, zamani ulikuwa wa Kuwabara."

Akaweka kalamu chini. "Wa Kuwabara? Miaka yote hii? Dada Nomoto, mbona mliniacha tu najichekesha?"

"Tulikuona unaufurahia."

"Mna roho ngumu nyie. Haya, siku hiyo ni wake. Mimi nitapiga tari."

Na kweli, jioni ile Anzai alimkabidhi kipaza sauti kwa mikono miwili. "Bwana Kuwabara, leo mimi ni mwitikiaji wako."

Kuwabara akasimama. Muziki ukaanza. Maneno yakawa yanabadilika rangi kwenye skrini, yeye kimya. Kisha, mahali pake barabara, akasema, "Ruka!" Maneno yakaendelea kupita. "Piga!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. "Huyu mzee ana vituko," alisema Makita, kijana wa mauzo, akijifuta machozi. "Kumbe alikuwa anatuficha."

Kuwabara alitabasamu nao, lakini shingo ilikuwa imekakamaa kama ilivyokuwa ikikakamaa kwenye simu. Ubeti wa pili alijaribu. Herufi ya kwanza ikamng'ang'ania mdomoni. Anzai akamwonea huruma, akashika kipaza sauti cha pili, akaumalizia wimbo kwa niaba yake. Tukapiga makofi. Hata Kuwabara alipiga.

Nilimfuata kwenye korido, karibu na mashine ya soda.

"Kaka Kuwabara, nisamehe. Siku ile ya kwanza, mimi ndiye niliyemwekea Mkuu wimbo wako."

Alikuwa anavaa koti. Akaingiza mkono mmoja, kisha wa pili.

"Na-na-najua," akasema. "Tulikaa pa-pamoja. Nilikuona u-ukibonyeza."

"Miaka saba! Mbona hukusema kitu?"

Ilimchukua muda kulipata jibu, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane nilisubiri bila kummalizia maneno.

"Nilikuwa na-nangoja useme wewe," akasema. "Wewe hu-huna kigugumizi."